Infografiki Darasani: Mwongozo Kamili kwa Mhadhiri, Kuanzia Sentensi Moja hadi Alama

Mhadhiri anawaambia wanachuo watengeneze infografiki, yaani ukurasa mmoja unaoeleza jambo kwa michoro, namba na maneno machache, kuhusu mada ya wiki. Siku ya kukusanya anapokea kurasa zenye rangi saba, vikatuni vya kompyuta, aya zilizonakiliwa kutoka kwenye notsi na namba zisizojulikana zimetoka wapi. Akimwuliza mmoja wao, "Hii inasema nini?", mwanachuo anaanza kumsomea kiboksi kimoja baada ya kingine. Macho yamefurahi, ila hakuna alichojifunza ambacho asingekipata kwa kunakili notsi kwa mkono.

Kosa liko kwenye mpangilio wa kazi. Faida yote ya infografiki inatokana na maamuzi: lipi libaki, lipi litoke, lipi litangulie, na umbo gani linasema ukweli. Programu ikifunguliwa kabla ya maamuzi hayo, kiolezo, yaani mpangilio uliokwisha tengenezwa ndani ya programu, ndicho kinachoamua. Kiolezo kina visanduku sita, basi kikundi kinahangaika kutafuta mambo sita ya kujaza.

Mwongozo huu unaifuata kazi moja tangu mwanzo hadi mwisho, kwa takwimu za Sensa ya Watu na Makazi ya Tanzania ya 2022. Nimeichagua kwa sababu takwimu zake zipo wazi kwa kila mtu, na zina jambo ndani yake linalowashangaza wanachuo. Ukifundisha uuguzi, kilimo, uhasibu au ualimu, badilisha mada na uziache hatua kama zilivyo. Aliyeko Kenya anaweza kutumia sensa ya 2019 iliyohesabu watu 47,564,296.

## Andaa hivi kabla ya kipindi cha kwanza

- Karatasi nyeupe za A4, kama tano kwa kila kikundi, pamoja na penseli, vifutio na rula.
- Bahasha moja kwa kila kikundi. Usiiache, kazi yake utaiona kwenye hatua ya 3 na ya 7.
- Jedwali la takwimu lililochapishwa, nakala moja kwa kila mwanachuo.
- Vijikaratasi: A4 zilizokatwa vipande vinne.
- Selotepu ya karatasi, ile isiyobandua rangi ya ukuta.
- Manila moja kwa kikundi na kalamu za wino mzito za rangi mbili, kama hakuna kompyuta za kutosha.
- Kompyuta au simu moja kwa kikundi, itakayotumika kwenye hatua ya 6 tu.

Muda unaotosha ni vipindi vitatu vya saa mbili, na wiki moja katikati ya kipindi cha pili na cha tatu. Vikundi viwe vya watu wanne. Wakiwa sita, wawili watadandia kazi ya wenzao.

## Hatua ya 1: Toa swali, usitoe mada

"Idadi ya watu Tanzania" ni mada. Mada haimlazimishi mtu kuamua chochote, kwa hiyo kikundi kitaweka kila kinachopatikana. Swali zuri linamkuta mwanachuo akiwa na jibu lake kichwani tayari, halafu takwimu zinamlazimisha kulipima jibu hilo.

Kwa kazi yetu swali ni hili: *Je, kati ya 2012 na 2022, sehemu ya Watanzania wanaoishi mkoa wa Dar es Salaam iliongezeka?*

Karibu darasa zima litajibu ndiyo. Wameziona foleni za Mbagala, wamesikia habari za vyumba vya kupanga Mbezi, na wengi wao wana ndugu waliohamia huko. Waache waandike jibu lao kwenye kona ya daftari kabla hawajaona namba yoyote.

Kwa masomo mengine, maswali ya aina hii yanafaa:

- Uhasibu: hesabu zinaonyesha faida, mbona benki hakuna fedha?
- Kilimo: mahindi yalivunwa vizuri, kwa nini yameota ukungu ghalani?
- Uuguzi: mama afanye nini nyumbani pindi mtoto anapoanza kuharisha?

Tahadhari. Swali linaloanza na "Eleza umuhimu wa..." litakurudishia orodha, na orodha haihitaji mchoro.

## Hatua ya 2: Wape jedwali, usiwatume mtandaoni

Ukisema "katafuteni takwimu", kipindi kizima kitaishia kwenye bando na kusaka. Kibaya zaidi, kikundi kimoja kitaleta namba za sensa na kingine kitaleta makadirio ya shirika la kimataifa. Sensa ni hesabu ya watu kwa kurejelea usiku mmoja maalumu, makadirio ni matokeo ya hesabu za kitaalamu za mwaka fulani, na mara nyingi havilingani. Wanachuo watabishana kuhusu chanzo badala ya kubishana kuhusu maana.

Wape jedwali hili:

| Eneo | 2012 | 2022 |
|---|---|---|
| Tanzania | 44,928,923 | 61,741,120 |
| Dar es Salaam | 4,364,541 | 5,383,728 |
| Pwani | 1,098,668 | 2,024,947 |
| Zanzibar | 1,303,569 | 1,889,773 |

Chini yake andika chanzo: Ofisi ya Taifa ya Takwimu na Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar, sensa za 2012 na 2022. Wanachuo watakinakili chanzo hicho kwenye kazi yao jinsi kilivyo.

Kabla hawajazungumza kama kikundi, kila mmoja akokotoe peke yake mambo mawili: asilimia ya ongezeko la kila eneo kwa miaka 10, na Dar es Salaam ni asilimia ngapi ya taifa katika kila sensa. Kikokotoo cha simu kinatosha. Usiiruke sehemu hii, kwa sababu asiyekokotoa mwenyewe atakuwa mpaka rangi wa kikundi hadi mwisho.

Majibu yawe hivi: Tanzania imeongezeka kwa asilimia 37, Dar es Salaam 23, Pwani 84, Zanzibar 45. Sehemu ya Dar es Salaam katika taifa imeshuka kutoka asilimia 9.7 hadi 8.7.

Hapo utasikia minong'ono. Mkoa umeongeza watu zaidi ya milioni moja, na bado sehemu yake katika taifa imepungua. Usiwaeleze. Waulize tu: "Inawezekanaje?" Nyamaza mpaka mmoja wao aseme kwamba sehemu nyingine za nchi zilikua kwa kasi zaidi.

Tahadhari. Ripoti za sensa hutaja pia kasi ya ongezeko la kila mwaka, ambayo kwa Tanzania ni asilimia 3.2. Baadhi watachukua 3.2 ya taifa na kuilinganisha na 23 ya Dar es Salaam. Moja ni ya mwaka mmoja, nyingine ni ya miaka 10. Kila asilimia kwenye infografiki iandikwe kipindi chake.

## Hatua ya 3: Sentensi moja iingie kwenye bahasha

Hii ndiyo hatua inayorukwa, na ikirukwa zote zinazofuata ni kujipamba tu. Kila kikundi kiandike sentensi moja ambayo mtazamaji anapaswa kuondoka nayo. Isizidi maneno 25. Iwe na kitenzi. Iwe ni dai ambalo mtu mwenye akili timamu anaweza kulibishia kabla hajaziona takwimu.

Rasimu za kwanza huwa hivi:

*"Idadi ya watu Dar es Salaam."* Hiki ni kichwa cha habari.

*"Idadi ya watu inaongezeka kwa kasi kubwa na ina athari nyingi."* Kasi kubwa kuliko nini? Athari zipi? Hakuna namba inayoweza kuithibitisha wala kuikanusha.

*"Mwaka 2022 Dar es Salaam ilikuwa na watu 5,383,728."* Ni kweli, lakini ni namba iliyokaa peke yake.

Pita kwenye kila meza. Mazungumzo hayahitaji kuwa marefu:

"Someni sentensi yenu."

"Watu wameongezeka sana Dar, mwalimu."

"Kuna mtu hapa chuoni atakayebisha?"

"Hakuna, mwalimu."

"Basi haina haja ya kuchorwa. Jedwali limewashangaza wapi?"

"Pale kwenye asilimia. Dar imeachwa na nchi nzima."

"Liandikeni hilo."

Baada ya kufuta na kuandika upya, kikundi kinafika hapa: *"Kati ya 2012 na 2022 mkoa wa Dar es Salaam uliongeza watu zaidi ya milioni moja, lakini ulikua polepole kuliko Tanzania nzima."*

Sentensi inanakiliwa kwenye karatasi ndogo, inatiwa kwenye bahasha, bahasha inafungwa, majina ya wanakikundi yanaandikwa juu yake, nawe unaichukua. Waambie itafunguliwa siku ya maonyesho. Kikundi kikibadili mawazo baadaye kije kwako kibadilishe karatasi, na kieleze kilichokibadilisha. Kubadilisha kwa sababu nzuri ni kujifunza, na kunastahili alama.

Utajua hatua imefaulu ukiwa na sentensi kumi za vikundi kumi na zisifanane, ingawa wote walipewa jedwali moja. Kikundi kimoja kitaiona Dar es Salaam, kingine kitaishikilia Pwani, kingine Zanzibar.

## Hatua ya 4: Chagua umbo linalosema ukweli

Waambie wanachuo wachague umbo kwa kuangalia kitenzi cha sentensi yao. Ikiwa inasema kitu kimoja kimezidi kingine, nguzo zinatosha. Kitu kinapobadilika kadiri miaka inavyokwenda, tumia mstari. Sehemu za kitu kizima, kama vipande si vingi, chati duara inaweza kufaa. Mfuatano wa vitendo unahitaji hatua zenye namba. Mahali panapokuwa ndiyo hoja yenyewe, ndipo ramani inapohitajika. Kwa swali letu karibu kila kikundi kitataka ramani ya Tanzania kwa kuwa inapendeza, na kitagundua kwamba mkoa wa Dar es Salaam kwenye ramani hiyo ni nukta tu.

Kuna mitego mitatu ambayo nashauri uifundishe kwa mikono yao wenyewe, ubaoni, kwa dakika 20. Mwanachuo akishaichora mara moja ataiona hata kwenye magazeti na mabango ya matangazo.

Mtego wa mhimili uliokatwa. Mwite mmoja achore nguzo mbili za Dar es Salaam, 2012 na 2022, mhimili wima ukianzia milioni 4. Nguzo ya 2022 itakuwa karibu mara nne ya ile ya 2012. Mwingine achore zilezile kuanzia sifuri. Sasa tofauti ni chini ya robo. Namba hazikubadilika, ila picha ya kwanza imedanganya. Kanuni: nguzo zianzie sifuri daima.

Mtego wa duara. Dar es Salaam ina watu karibu mara 2.8 ya Zanzibar. Mwanachuo anachora duara la Zanzibar la upana wa sentimita 2, halafu la Dar es Salaam la sentimita 5.6, akiamini ametenda haki. Lakini jicho linapima eneo, na eneo la duara la pili ni karibu mara nane ya la kwanza. Upana sahihi ni sentimita 3.4 hivi, kwa kuwa kipeuo cha pili cha 2.8 ni karibu 1.7. Jambo hilohilo hutokea mtu akikuza kijipicha cha binadamu, cha nyumba au cha gunia. Kama hesabu hii inawasumbua, warudi kwenye nguzo.

Mtego wa miaka isiyolingana. Sensa za Tanzania tangu Muungano zimefanyika 1967, 1978, 1988, 2002, 2012 na 2022. Idadi kwa mamilioni ni 12.3, 17.5, 23.1, 34.4, 44.9 na 61.7. Programu nyingi zitapanga nguzo sita kwa nafasi sawa, na hapo ongezeko la 1988 hadi 2002, milioni 11.3, litaonekana kubwa kuliko la 2002 hadi 2012, milioni 10.5. Lakini la kwanza lilichukua miaka 14 na la pili miaka 10. Kwa mwaka, ni watu kama laki 8 dhidi ya zaidi ya milioni moja. Mpangilio wa programu umeugeuza ukweli juu chini. Tumia mstari wenye mhimili wa miaka uliopimwa kwa rula.

Kwa sentensi yetu ya bahasha, umbo lililo bora ni dogo kuliko wanavyotarajia: nguzo mbili, Dar es Salaam 23 na Tanzania 37. Kushuka kutoka 9.7 hadi 8.7 kunavutia kukutaja, lakini kwenye chati duara mbili jicho halitaona tofauti yoyote. Kushuka huko kuandikwe kwa maneno chini ya nguzo.

## Hatua ya 5: Penseli kwanza

Kompyuta bado zimefungwa. Kila mwanachuo akunje A4 mara mbili apate robo nne, na kwa dakika 10 achore rasimu tatu tofauti za infografiki ya kikundi chake. Vijiti na visanduku vinatosha, asihangaike na uzuri. Robo ya nne inabaki wazi.

Kwa nini tatu? Rasimu ya kwanza huwa ni kitu alichowahi kukiona mahali. Ya pili ni ya kwanza iliyogeuzwa upande. Kwenye ya tatu ndipo mtu anaanza kufikiri, kwa kuwa vya kuiga vimekwisha.

Baada ya hapo rasimu zote 12 za kikundi zinawekwa mezani. Wanachagua moja, au wanaunganisha mbili, na kuichora vizuri kwenye ile robo iliyobaki ya mmoja wao. Kisha waipime kwa maswali haya:

- Jicho linatua wapi kwanza? Pazungushiwe duara. Kama si pale palipo na hoja, wapange upya.
- Maneno yote, pamoja na kichwa, ni mangapi? Yakizidi 80, yapunguzwe.
- Kichwa kinasema hoja au kinataja mada? "Dar es Salaam yakua polepole kuliko nchi" kinasema. "Takwimu za sensa" hakisemi.
- Chanzo na mwaka vimeandikwa?

Kikundi kisifungue programu mpaka uweke sahihi yako kwenye rasimu. Sahihi hiyo inakusaidia pia siku hizi za akili unde (AI). Mwanachuo anaweza kuiomba programu imtengenezee infografiki nzima kwa sentensi moja, na programu hizo huweza kuandika namba za uongo na maneno yenye herufi zilizovurugika, hasa kwa Kiswahili. Ukiwa na rasimu yenye sahihi, unaona kama kazi ya mwisho imezaliwa na rasimu hiyo au imetoka kwingine.

## Hatua ya 6: Sasa fungua programu

Canva na Google Slides zinatumika hata kwenye simu, lakini zinakula bando. PowerPoint na LibreOffice Impress zinafanya kazi bila mtandao zikishawekwa kwenye kompyuta, na LibreOffice ni ya bure. Yoyote inatosha. Muhimu ni kuanza na ukurasa mtupu, kiolezo kisiguswe.

Rangi ziwe mbili pamoja na nyeusi. Rangi moja kali ishike hoja, nyingine iliyofifia ishike vinavyolinganishwa. Nyekundu na kijani zisitofautishe vitu viwili, maana wapo watu, hasa wanaume, ambao macho yao hayazitenganishi. Pia nakala nyingi zitatolewa kwa rangi nyeusi kwenye duka la steshenari, na huko nyekundu na kijani zote zinatoka kijivu.

Vijipicha ni sehemu ya ujumbe, kwa hiyo visahihishwe kama maneno. Chukua kikundi cha uuguzi kinachochora mchanganyiko wa maji, sukari na chumvi wa nyumbani: lita 1 ya maji safi, vijiko vya chai 6 vya sukari na nusu kijiko cha chai cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa. Maandishi yanasema nusu, lakini kijipicha kilichopakuliwa kinaonyesha kijiko kilichojaa hadi kufurika. Mama asiyesoma atafuata picha, na chumvi ikizidi inamdhuru mtoto. Kijiko hicho kichorwe upya kwa mkono, kikiwa na chumvi nusu, hata kama mchoro utakuwa wa kawaida.

Picha zinazotokea kwenye utafutaji wa Google zina wenyewe. Wanachuo wachore, wapige wenyewe, au watumie za Wikimedia Commons baada ya kusoma masharti ya kila picha na kumtaja mwenye kazi pale inapotakiwa.

Kazi ikikamilika ihifadhiwe kama PDF au PNG. Ikitumwa kwa WhatsApp itumwe kama faili. Ikitumwa kama picha inabanwa, na maandishi madogo yanakuwa ukungu.

Utajua wamefaulu ukiifungua kwenye simu ya kawaida na kusoma kila neno bila kuikuza kwa vidole. Kwa manila ukutani, isomeke ukiwa umesimama hatua mbili nyuma.

Kikundi kisicho na kompyuta kichore kwenye manila kwa rula, na kisikatwe alama hata moja kwa hilo. Nimeona manila za mkono zikizishinda kazi za kompyuta mara nyingi, kwa sababu kila mstari uliochorwa kwa rula umefikiriwa.

## Hatua ya 7: Maonyesho, na bahasha kufunguliwa

Bandika kazi ukutani kuzunguka darasa, umbali wa kutosha watu wasibanane. Kila mwanachuo achukue vijikaratasi na kuzitembelea kazi tano, dakika tatu kila moja. Kwenye kila kazi aandike mistari mitatu na kukibandika kijikaratasi chini yake:

1. Kazi hii inaniambia kwamba...
2. Namba ninayoikumbuka nikifumba macho ni...
3. Kilichonichanganya ni...

Wenye kazi wasimame pembeni wakiwa kimya. Hili ni gumu kwao. Mgeni akikunja uso, wataanza, "Hapana, hiyo maana yake ni..." Wazuie kwa upole. Infografiki itakapokuwa kwenye ubao wa matangazo wa zahanati au kwenye simu ya mtu, mwenyewe hatakuwepo kuitetea.

Kwenye mstari wa tatu wa kijikaratasi ndiko vitu vya thamani hutokea. Kwenye kazi yetu, mwanachuo anayetoka Kibaha au Mkuranga, mkoani Pwani jirani na Dar es Salaam, ataandika hivi: "Kwetu wengi wanafanya kazi Dar na wanalala Pwani. Mmewahesabu wapi?" Kikundi kitarudi kwenye jedwali na kuiona Pwani, asilimia 84, waliyoiacha tangu hatua ya 2. Jiji limevuka mpaka wa mkoa. Dai lao kuhusu *mkoa* wa Dar es Salaam bado ni sahihi, lakini mtazamaji anaweza kulisikia kama dai kuhusu *jiji*, na hapo litampotosha. Sasa wana la kurekebisha: nguzo ya tatu.

Ziara ikiisha, kila kikundi kikusanye vijikaratasi vyake na kifungue bahasha. Wasome sentensi yao kwa sauti, kisha wasome mistari ya kwanza ya wageni mmoja baada ya mwingine.

Kufaulu kunaonekana hapa. Kama wageni wengi wameandika jambo lilelile lililo kwenye bahasha kwa maneno yao, kazi imefanya kazi. Wakiwa wameandika mambo matano tofauti, ukurasa una hoja tano zinazogombana. Na wakiandika "inahusu idadi ya watu", kikundi kimeonyesha mada na hakijasema kitu. Hutakuwa na haja ya kuwaeleza udhaifu wao, maana wameusoma kwa hati za wenzao.

Tahadhari. Wanachuo wanaogopana. Usipowapa mistari hiyo mitatu, kila kijikaratasi kitasema "Kazi nzuri, hongereni." Kama darasa lina watu wenye kinyongo, vijikaratasi visiandikwe majina.

## Hatua ya 8: Marekebisho na alama

Wape siku tatu za kurekebisha. Pamoja na toleo la mwisho, kila mwanachuo peke yake alete nusu ukurasa wenye majibu ya maswali mawili: *Mliacha nini nje, na kwa nini? Mlibadilisha nini baada ya maonyesho, na ni kijikaratasi kipi kilichowafanya mbadilishe?* Aliyedandia hawezi kuyajibu.

Alama 20 zigawanywe hivi, na wanachuo waujue mgawanyo tangu siku ya kwanza:

- Hoja, kwa kulinganisha bahasha na vijikaratasi: 5
- Usahihi wa namba, vipindi na chanzo: 5
- Umbo lisilopotosha: 4
- Usomekaji: 2
- Nusu ukurasa wa mwanachuo binafsi: 4

Uzuri hauna alama zake. Mwanachuo mwenye laptopu mpya na mwenye penseli wawe sawa mbele ya mgawanyo huu. Kazi yenye namba ya uongo isivuke alama 10 hata kama mengine yote yamekamilika, kwa kuwa infografiki husambaa haraka na kosa lake husambaa nayo.

## Darasa likiwa na watu 200

Usijaribu yote kwa pamoja ukumbini. Hatua ya 1 hadi ya 4 zifanywe kwenye mhadhara, ambapo kukokotoa na mitego mitatu inawezekana hata kwa umati. Hatua ya 5 na ya 7 zihamie kwenye semina zenye watu 30 au 40. Kuta zikikosekana, tumia ukumbi wa nje au panga kazi juu ya meza na watu wazunguke. Kusahihisha kutakuwa kwepesi kuliko insha 200: una kazi 50, na vijikaratasi vimeshakuonyesha nusu ya makosa kabla hujashika kalamu nyekundu.

## Hatua ya 9: Irudishe kwenye mtihani

Shughuli isiyogusa mtihani huonekana ni mchezo, na muhula ujao wanachuo wataifanya shingo upande. Weka swali moja: wape infografiki wasiyoijua yenye mtego mmoja kati ya ile mitatu, na jedwali la takwimu pembeni. Wataje kosa, wakokotoe ukubwa wake, na wachore umbo sahihi kwa penseli.

Za kutumia zitatoka kwa vikundi vyenyewe. Omba ruhusa kwa maandishi, ondoa majina, na uhifadhi matoleo ya kwanza pamoja na vijikaratasi vyake kwenye faili moja. Darasa la mwaka unaofuata lianze kipindi cha kwanza kwa kuzichambua hizo, kabla halijapewa swali lake.